Sipi au Kyambura? Korongo la kuchagua ukiwa na siku chache Uganda

Kwanza ieleweke hivi: anayetaka yale makorongo makavu yasiyo na jani, yenye nguzo za udongo zilizochongwa na mvua za miaka na miaka, asihangaike kuja Uganda. Aende Isimila, nje kidogo ya mji wa Iringa kwenye barabara ya Mbeya, akazunguke katikati ya nguzo hizo na kuona zana za mawe walizoacha watu wa kale. Huku kwetu Karamoja ina ukame wa kutosha na ardhi iliyoliwa na mvua, lakini makorongo mengi ya kule ni malisho ya watu yaliyosombwa. Sioni raha ya kuyapigia picha.

Makorongo ya Uganda yanayostahili safari yamevaa kijani. Ukiniuliza mahali pa kusimama ukingoni ukatazama chini mpaka magoti yalegee, kisha ushuke kwa miguu yako mwenyewe, nakutajia mawili. Sipi liko mashariki, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, upande wa Kapchorwa. Kyambura liko magharibi, katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, wilaya ya Rubirizi. Moja liko kusini-magharibi na jingine karibu na mpaka wa Kenya, kwa hiyo mwenye wikendi moja ndefu hana budi kuchagua.

Wengi huuliza lipi zuri zaidi. Mimi naona swali lenyewe ni hili: unataka kutazama, au unataka kushuka? Ukingo wa Kyambura uko wazi kwa yeyote aliyelipa kiingilio cha hifadhi, lakini chini ni kwa sokwe, na wewe unaingia kwa kibali, kwa saa chache, nyuma ya askari mwenye bunduki. Sipi ni kinyume chake. Ukingoni pazuri, sikatai, ila raha yenyewe iko kwenye kushuka, kulowa, na kupanda tena ukihema.

Ukingoni

Kyambura hushtua. Unapita kwenye uwanda wa nyasi, swala wanachunga, miti ya hapa na pale, hakuna dalili yoyote ya shimo. Halafu ardhi inakatika, kama ufa uliopasuka katikati ya sakafu ya nyumba. Korongo lina urefu wa kilomita 16 hivi na kina cha takriban mita 100, na pale lilipotanuka zaidi ng'ambo iko karibu kilomita moja. Msitu umejaa ndani yake wakati juu kote ni mbuga. Ukisimama kwenye jukwaa la kutazamia, pale wanapopaita Fig Tree, unaona miti kwa juu: vilele tu, vya kijani cha kila namna, na ndege wakiruka chini ya miguu yako. Mto wenyewe huuoni. Unasikia mbega wakinguruma, na asubuhi ukibahatika zinapanda kelele za sokwe, moja inaanza, nyingine zinaitikia, mpaka bonde lote linapiga mayowe. Huwaoni hata mmoja. Kwangu mimi hiyo dakika inalipa nusu ya safari, na haihitaji kibali cha sokwe.

Sipi haishtui, inajionyesha tangu mbali. Barabara ya kutoka Mbale inapanda kwa kona, na kabla hujafika kwenye kijiji cha biashara unauona mto unaruka genge. Maporomoko ni matatu kwenye mto mmoja, na la chini ndilo kubwa, karibu mita 100 za kudondoka moja kwa moja. Nyumba nyingi za wageni zimejengwa ukingo wa pili ukilitazama, hivyo unaweza kuagiza chai, ukakaa kwenye kiti cha plastiki, ukatazama maji kutwa nzima bila kuinuka. Ukigeuza kichwa, uwanda wa Teso na Karamoja umetandazwa chini mpaka macho yachoke. Jioni jua linazama upande huohuo.

Kasoro yake kwa wengine ni kwamba Sipi si pori. Ni makazi ya watu. Kuna mabati, migomba, watoto wanaotoka shule, mbuzi aliyefungwa kamba, na kijana atakayekufuata akikuuliza kama umeshapata mtu wa kukuongoza. Mimi hupapendea hayohayo. Anayetafuta upweke aende Kyambura.

Kushuka

Hapa Sipi linashinda, na wala halishindi kidogo.

Unaanza kwenye mashamba. Njia inapita katikati ya kahawa na migomba ya watu, kwa hiyo unasalimia unapopita, na mzee aliyeketi mlangoni atakujibu kwa Kiswahili bila taabu. Sebei, yaani eneo hili la Kapchorwa, ni nchi ya mpakani, ndugu za wenyeji, Wasabaoti, wako Kenya, na Kiswahili kimezoeleka huko tangu zamani. Kisha njia inainama. Udongo ni mwekundu, mzito, na ukipata mvua unateleza kama umepakwa mafuta. Mwongoza njia anakukatia fimbo kabla hujaomba, ichukue. Penye magenge kuna ngazi, nyingine za miti iliyopigiliwa misumari, nyingine za chuma, na vidato vyake vimelowa muda wote kwa sababu ya manyunyu. "Geuka uso uangalie mwamba, dada. Mkono mmoja usiachie mpaka mguu ukae," ndivyo wanavyoelekeza, na ushauri huo unatosha kukufikisha chini.

Ukikaribia maporomoko makubwa huwezi tena kusikilizana na mwenzako. Upepo unaotokana na maji yenyewe unakusukuma nyuma, na umande unaingia mpaka kwenye soksi. Simu iweke kwenye mfuko wa plastiki kabla hujafika hapo. Mwamba huu ni wa volkano: matabaka magumu juu, laini zaidi chini, maji yanakula lile laini na genge linabaki limening'inia. Ndiyo maana Elgon ina mapango mengi, na hapa Sipi kwenye maporomoko ya katikati unaweza kupita nyuma ya pazia la maji. Watoto wakubwa hupenda hapo kuliko mahali popote.

Kuyazunguka maporomoko yote matatu ni kazi ya karibu nusu siku kwa mtu wa mwendo wa kawaida. Wengi hufanya lile kubwa peke yake wakaona yametosha, na si vibaya. Ila kumbuka uko kwenye mwinuko wa mita 1,700 na zaidi, na kifua cha mtu wa Kampala kitasema. Wilaya hiyohiyo ya Kapchorwa ndiko alikotoka Joshua Cheptegei, aliyeweka rekodi za dunia za mita 5,000 na 10,000 mwaka 2020. Kwa hiyo usione aibu wakikupita watu wanaopanda mbio mlima ambao wewe unaupanda ukisimama kila hatua kumi.

Kuna pia wanaoshuka kwa kamba kando ya maporomoko makubwa, mita zote 100. Sitakushauri wala kukukataza. Angalia tu kamba, kofia na mtu anayezishika, na kama una shaka yoyote, tembea. Baada ya kupanda, waombe wakuonyeshe kahawa. Arabika ya Elgon inajulikana duniani, na hapa unaitwanga mwenyewe kwenye kinu, unaipepeta, unaikaanga kwenye chungu juu ya mkaa mpaka inapasuka, unaisaga, unaichemsha. Kikombe kimoja kinaweza kuchukua saa nzima.

Kushuka Kyambura ni jambo la namna nyingine kabisa. Huendi kutembea, unaenda kuwatafuta sokwe, na mandhari ni nyongeza. Mnagawanywa kwenye vikundi vidogo, mnapewa maelezo, kisha mnateremka njia yenye mwinamo mkali kutoka jua la mbugani mpaka giza la msitu ndani ya dakika chache. Joto linabadilika. Mto ambao ukingoni hukuuona sasa uko mbele yako, mwembamba na wa rangi ya chai, na mahali pengine mnauvuka juu ya gogo lililoanguka. Na humo mtoni mna viboko. Kiboko kwenye mto mwembamba namna hiyo hana pa kukupisha, ndiyo sababu askari hutangulia na ndiyo sababu hutakiwi kuchepuka hata kwa haja ndogo bila kusema.

Sokwe wa Kyambura ni kundi dogo lililotengwa: msitu wao umezungukwa na mbuga na mashamba, hawana pa kwenda. Siku nyingine wanaonekana mapema, siku nyingine mnatembea saa mbili tatu mkirudi na picha za kinyesi na viota. Hakuna anayekurudishia pesa kwa sababu sokwe hakutokea, na anayekuahidi kwamba lazima utawaona anakudanganya. Kama shida yako ni sokwe hasa, Kibale, karibu na Fort Portal, ndiko kwenye wengi na ndiko nafasi ya kuwaona ilivyo kubwa. Kyambura mwende kwa ajili ya korongo, sokwe mkiwapata mshukuru.

Barabara

Kutoka Kampala, Sipi ni karibu zaidi. Barabara ni Jinja, Iganga, Tirinyi, Mbale, kisha unapanda. Lami mpaka mlangoni. Ukiondoka kabla ya jua na kuiwahi foleni ya Mukono, mchana umeshafika. Teksi, yaani matatu au daladala, za kwenda Mbale zipo siku nzima, na Mbale kuna nyingine za Kapchorwa zinazokushusha Sipi kijijini. Hakuna haja ya gari lako wala la kukodi.

Kyambura inakula siku. Masaka, Mbarara, Ishaka, halafu barabara inashuka ukuta wa Kichwamba na uwanda wa hifadhi unafunguka chini. Simamisha gari hapo kwenye ukingo wa barabara, mahali salama. Mawingu yakiondoka milima ya Rwenzori inajitokeza ng'ambo, na maziwa ya kreta yako pande zote. Kuna watu husema pale Kichwamba panatosha, kwenda korongoni ni kuongeza tu, na kwa mtu wa kutazama hawajakosea sana. Tatizo ni kilomita za mwisho. Basi litakuacha barabara kuu, na kutoka hapo unahitaji gari, kwa kuwa boda haziruhusiwi kuzurura hifadhini penye wanyama. Ukiwa peke yako gharama hiyo utaibeba peke yako.

Wasomaji wa nje ya Uganda hesabu yenu ni tofauti. Mwenye kutoka Eldoret au Kitale avukie Suam. Barabara ya kutoka hapo hadi Kapchorwa imetiwa lami na inazunguka Elgon kwa upande wa kaskazini, njia nzuri kuliko kuzunguka Malaba. Anayetoka Bukoba apite Mutukula, Masaka, Mbarara, na kwake Kyambura ndiyo ya karibu.

Chakula cha njiani? Namawojjolo kwa waendao Sipi, Lukaya kwa waendao Kyambura, kote wachuuzi wanakimbilia dirisha la gari na mapaja ya kuku na ndizi za gonja za kuchoma. Lukaya, bila ubishi.

Pesa

Sipi haimo ndani ya hifadhi ya taifa. Hakuna geti, na hilo lina pande mbili. Unalipa kidogo, na pesa inabaki kijijini. Lakini maporomoko yako kwenye ardhi za watu, na kila mwenye kipande anaweza kusimama njiani akidai chake. Ugomvi wote wa Sipi unatokana na hilo. Dawa yake ni kupatana bei na mwongoza njia kabla ya kuchukua hatua ya kwanza, na kumuuliza kwa maneno haya: "Hiyo bei ina njia zote na maporomoko yote, au kuna mtu mwingine nitakayemlipa huko chini?" Subiri ajibu. Akisitasita, tafuta mwingine. Nyumba ya wageni unayolala kwa kawaida ina watu wake inaowaamini, na wao ndio salama zaidi kuliko anayekudaka barabarani.

Kyambura ni mali ya serikali chini ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA, na bei zake zimeandikwa. Kuna kiingilio cha hifadhi cha saa 24, kisha kibali cha sokwe juu yake. Raia wa Afrika Mashariki wana bei yao ya shilingi, chini sana ya ile ya dola wanayolipa wageni, kwa hiyo usisahau kitambulisho au pasipoti. Bila hicho utahesabiwa mgeni hata ukiongea Kinyankole kama umezaliwa Bushenyi. Usitegemee kulipa kwa noti getini. Nafasi za kushuka kwa siku ni chache, asubuhi na mchana, na vikundi vina idadi yake. Nunua kibali kwanza, hoteli baadaye. Ukichagua zamu ya asubuhi, mchana unabaki huru kwa boti ya mfereji wa Kazinga, ambako utaona viboko na nyati zaidi ya ulivyotarajia, ukiwa umekaa.

Mvua

Hili msilichukulie mzaha. Mlima Elgon una historia mbaya ya maporomoko ya udongo: Bududa Machi 2010, vijiji vilifunikwa na mamia ya watu wakapotea, kisha Bulambuli, jirani kabisa na njia ya Sipi, Novemba 2024. Watalii si wao wanaokufa huko, ni wenye mashamba, lakini barabara hukatika na madaraja hufunikwa. Mvua ikinyesha usiku kucha, asubuhi usimshinikize mwongoza njia akushushe. Akisema tungoje, ngojeni. Miezi ya Desemba hadi Februari ndiyo kavu zaidi. Maji yanapungua kidogo lakini ngazi zinashikika. Mwezi wa Mei maporomoko yanatisha kwa uzuri na njia ni matope matupu, gambuti za kukodi pale kijijini ni bora kuliko raba zako za bei mbaya.

Kyambura mvua yake ni ya kuchosha zaidi kuliko ya hatari: mteremko unateleza, gogo la kuvukia linateleza, na sokwe hujikunyata juu bila kutoa sauti. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ni kizuri kwa miguu, ila moshi wa nyasi zinazochomwa hutanda na Rwenzori huioni kabisa.

Nani aende wapi

Vijana wenye miguu na mfuko mwembamba: Sipi, hakuna mjadala. Wapenzi wawili wanaotaka utulivu na wana gari: Kyambura, walale Kichwamba ukingoni. Familia yenye watoto wa shule ya msingi: Sipi tena, kwa sababu Kyambura watoto wadogo hawaruhusiwi kuwafuata sokwe, mtabaki mmoja anashuka na mwingine anaangalia watoto jukwaani. Mpiga picha wa ndege: Kyambura. Mtu anayeogopa urefu: ajabu ni kwamba Kyambura inamfaa, kwani njia yake haina ngazi za kuning'inia, na ukingoni kuna jukwaa la kushikilia.

Anayesafiri na mama mzee au mtu mwenye magoti mabovu, namtoa kwenye yote mawili. Mpeleke kwenye maporomoko ya Murchison, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Pale Mto Nile wote unabanwa kwenye ufa wa mwamba wa mita saba hivi na kudondoka zaidi ya mita 40, na gari linafika karibu kabisa na juu. Mama atashuka hatua chache, atashika reli, atasikia ardhi ikitetemeka chini ya viatu, na manyunyu yatamfikia usoni. Pembeni yake kuna maporomoko ya pili, Uhuru, yaliyofunguka kwa mafuriko ya mwaka 1962, mwaka uleule nchi ilipopata uhuru wake.

Wenye miguu wa kundi hilo wasikose kutembea: wapande boti Paraa, waombe washushwe chini ya maporomoko, askari awapokee hapo, kisha wapande njia ya mawe karibu saa moja mpaka juu walikoketi wazee. Mpango huo mwambieni dereva mapema, maana gari linaondoka Paraa kwa njia nyingine na bila kuambiwa litawasubiri bandarini.